Sekunde 38

Huu ni mwaka wa tatu sasa. Kila Jumamosi mchana sebule ya mama yangu, hapa Soweto, Moshi, hugeuka darasa. Tunaisukuma meza ya kulia mpaka ukutani, tunaazima viti viwili vya plastiki kwa jirani, na watoto wa kidato cha nne wanaingia mmoja mmoja wakiwa na kaunta buku na mafungu ya pasti pepa yaliyopigwa fotokopi mpaka herufi zimefifia. Siiti tuisheni, maana sina kibali wala bei. Mzazi mwenye nacho hutoa chochote, asiye nacho hutuma ndizi. Kazi yetu ni moja tu: tunapiga maswali ya fizikia, mtihani wa mwaka huu baada ya ule, mpaka Novemba ifike.

Aliyesoma Tanzania anaijua hali hii. Ukishapiga mitihani ya miaka kumi unaanza kuona kwamba swali ni lilelile, limebadilishiwa namba. Sisi tulikuwa tunasema kwamba Nekta hawatungi maswali, wanatunga namba. Gari linafunga breki. Jiwe linarushwa juu. Sufuria ya maji inachemka. Unajifunza kulitambua swali kabla hujamaliza kulisoma, kama unavyomtambua mtu kwa mwendo wake akiwa bado mbali. Hilo lina faida yake, nami silidharau, kwa kuwa ndilo lililonitoa hapa mtaani likanifikisha chuo kikuu.

Jumamosi moja mwezi wa nane tulikuwa tunafanya jaribio la vitendo ambalo kila mwanafunzi wa fizikia nchini hulikuta. Unafunga kitu kizito kwenye uzi, unakiacha kibembee, unahesabu mibembeo 20 na kupima muda. Unabadilisha urefu wa uzi, unarudia, unachora grafu, na kutoka kwenye mwinamo wa mstari unapata mvutano wa dunia: 9.8, au 10 kwa wenye haraka. Kizito chetu kilikuwa nati ya baiskeli, na uzi tuliufunga kwenye msumari juu ya fremu ya mlango. Saa ilikuwa simu yangu.

Binti wa nyumba ya tatu kutoka kwetu ndiye aliyekuwa anapima. Uzi ulikuwa na urefu wa sentimita 100. Akapima, akaandika, akapima tena. Kisha akakaa kimya akiitazama karatasi ya majibu ya mwaka ule.

"Kaka, mimi nimepata sekunde 38," akasema. "Hapa kwenye majibu wana 40."

"Umepima mara ngapi?"

"Tatu. Zote 38, ile ya mwisho imezidi kidogo tu."

Akaishika penseli na kifutio, kimoja mkono huu na kingine mkono ule. "Sasa niandike ipi? Niliyoiona au inayotakiwa?"

Sikumjibu papo hapo, kwa sababu swali hilohilo nilikuwa nimeshalijibu zamani kwenye karatasi yangu mwenyewe, na sikulijibu vizuri.

Nilifanya mtihani wa kidato cha nne mwaka 2016. Wiki kadhaa kabla ya mtihani wa vitendo, mimi na wenzangu tulijifunza ufundi unaoitwa kupika data. Anayeujua hahitaji maelezo. Asiyeujua aelewe hivi: unaanza na jibu. Unajua mvutano wa dunia ni 9.8, basi unaiingiza kwenye kanuni, unarudi nyuma hatua kwa hatua mpaka upate muda wa mbembeo mmoja, unazidisha mara 20, na hapo una safu nzima ya vipimo bila kugusa uzi. Mpishi mzuri huongeza makosa madogo kwenye desimali, huku pointi moja na kule pointi mbili, ili vipimo vionekane vimetoka mikononi mwa binadamu. Grafu inakuja imenyooka. Tulifundishana sisi kwa sisi usiku, kwa tochi ya simu, tukiamini kabisa kwamba tunasoma fizikia.

Kabla ya kupika, siku ya kwanza ya mazoezi, mimi nilipima kweli. Mwishoni nilipata mvutano wa dunia wa 10.9. Mwenzangu aliichungulia, akacheka, akaniuliza kama ninaishi sayari nyingine. Nikafuta. Tangu siku hiyo sikupata tena namba mbaya, na matokeo yalipotoka nilikuwa na B ya fizikia.

Miaka mitano baadaye nikiwa chuo, mwaka wa pili, nilikutana na makala fupi ya mwaka 1969 katika jarida la Uingereza liitwalo Physics Education. Kichwa chake ni neno moja na alama ya kuuliza: "Cool?" Waandishi walikuwa wawili, E. B. Mpemba na D. G. Osborne. Jina la Mpemba nilikuwa nimewahi kulisikia kwa mbali, kama mtu anavyosikia jina la mchezaji wa zamani. Kilichonifanya nisogeze kiti ni anuani yake. Iliandikwa Moshi, Tanzania.

Erasto Mpemba mwaka 1963 alikuwa kidato cha tatu katika Shule ya Sekondari Magamba, mkoani Tanga. Wanafunzi pale walikuwa wakijitengenezea aiskrimu. Utaratibu wao ulikuwa kuchemsha maziwa, kuyachanganya na sukari, kuyaacha yapoe, kisha kuyaweka kwenye sehemu ya kugandishia ya jokofu. Nafasi ndani ya jokofu ilikuwa ndogo na watengenezaji wengi, kwa hiyo palikuwa na kugombania. Siku moja mwenzake, kwa haraka, aliweka maziwa bila kuyachemsha. Mpemba akaona kwamba akisubiri yake yapoe atakosa trei ya mwisho, akayaweka yakiwa ya moto, akijua kwamba anaweza kuharibu jokofu. Baada ya saa moja na nusu walirudi kutazama. Ya Mpemba yalikuwa yameganda, ya mwenzake yalikuwa bado uji mzito.

Akamuuliza mwalimu wake wa fizikia imekuwaje. Jibu lilikuwa kwamba amechanganyikiwa, jambo kama hilo haliwezi kutokea. Na hapa kuna kitu ambacho watu wengi wanaopenda kusimulia kisa hiki hukiruka: Mpemba alikubali. Ameandika mwenyewe kwamba wakati ule alimwamini mwalimu. Hakusimama juu ya dawati kutetea aiskrimu yake. Alikuwa kijana wa kidato cha tatu, mwenye mtihani mbele yake, na aliyeshika chaki alikuwa mtu mzima.

Kinachomtofautisha nami ni kidogo sana, lakini ndicho kilichokuja kuzaa yote yaliyofuata. Alikubali, ila hakufuta. Baadaye kidogo, wakati wa likizo, alizungumza na rafiki yake aliyekuwa akitengeneza na kuuza aiskrimu mjini Tanga. Rafiki huyo alimwambia kwamba yeye huweka mchanganyiko ukiwa wa moto makusudi, kwa kuwa unaganda upesi. Wauzaji wengine pale mjini walifanya vilevile. Kwa hiyo jambo ambalo fizikia ya darasani ilisema haliwezekani lilikuwa likiwalisha watu kwenye mitaa ya Tanga, nao hawakuwa na haja ya kumuuliza yeyote kama linaruhusiwa.

Mpemba alifaulu mtihani wa kidato cha nne. Huo nao si mtihani tunaoujua leo. Enzi hizo karatasi zilikuwa za Cambridge, zikiendeshwa kutoka Uingereza. Tanzania ilijitoa katika Baraza la Mitihani la Afrika Mashariki mwaka 1971, na Baraza la Mitihani la Taifa, ambalo watoto wote wanaliita Nekta, likaundwa kwa sheria mwaka 1973. Ninalitaja hili kwa sababu ni rahisi kudhani kwamba kukariri majibu ya mtu wa mbali ni ugonjwa wetu wa juzi. Kijana wa 1963 alikuwa akijibu maswali ambayo mtungaji wake pengine hajawahi kuiona Tanganyika, na aliyasoma kwa bidii kama tunavyosoma sisi. Mpemba alipiga msuli kama mwanafunzi mwingine yeyote. Bila kufaulu asingefika alikofika.

Alifika Mkwawa, Iringa, shule ambayo leo ni Chuo Kikuu Kishiriki cha Elimu Mkwawa. Huko, kidato cha tano, wakasoma joto, na ndani yake kanuni ya Newton ya upoaji: kitu hupoa kwa kasi inayolingana na tofauti kati ya joto lake na joto la mazingira. Mpemba akaona sasa amepata mahali pa kuuliza tena. Kwa nini maziwa ya moto yaliganda kwanza? Mwalimu akajaribu kumjibu, wakabishana kidogo, mwishowe akasema kwamba hiyo ni fizikia ya Mpemba, siyo fizikia ya dunia. Darasa likaidaka. Kuanzia hapo kila alipokosea hesabu waliiita hisabati ya Mpemba.

Nimekaa madarasa ya Tanzania kiasi cha kutosha kusikia kicheko hicho. Ndicho alichonicheka mwenzangu na 10.9 yangu. Tofauti ni kwamba mimi kilinitosha mara moja. Mpemba alichekwa kwa muda mrefu, na alasiri moja alipoikuta maabara ya baiolojia iko wazi na haina mwalimu, aliingia akachukua bika mbili za sentimita za ujazo 50, moja akaijaza maji ya bomba na nyingine maji ya moto, akaziweka kwenye jokofu. Baada ya saa moja hakuna iliyokuwa imeganda yote, lakini ile ya maji ya moto ilikuwa na barafu zaidi. Hakuona kwamba hilo linatosha kutangaza ushindi. Alipanga kurudia.

Ndipo mkuu wa shule alipomwalika Dk. Denis Osborne, mhadhiri wa fizikia kutoka Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, aje kuzungumza na wanafunzi. Baada ya mhadhara wakaruhusiwa kuuliza. Mpemba akasimama. Ukichukua vyombo viwili vinavyofanana, ukaweka maji ya ujazo sawa, kimoja cha nyuzi 35 na kingine cha nyuzi 100, ukaviweka vyote kwenye friza, kile kilichoanza na 100 kinaganda kwanza. Kwa nini?

Ninawaza jinsi chumba kilivyokuwa. Wenzake walicheka. Wengine baadaye walimwambia amewaaibisha mbele ya mgeni. Osborne naye amekiri kwamba moyoni alidhani kijana amekosea. Lakini alimuuliza kitu kimoja: umefanya kweli? Mpemba akajibu ndiyo. Osborne akaahidi kwamba akirudi Dar es Salaam atajaribu.

Akajaribu, au tuseme alimwagiza fundi wa maabara ajaribu. Fundi akaja na taarifa kwamba maji yaliyoanza yakiwa ya moto ndiyo yaliyoganda kwanza, kisha akaongeza kwa nia njema kabisa kwamba wataendelea kurudia mpaka wapate jibu sahihi. Nilipofika hapo nilicheka, halafu nikaacha kucheka. Yule fundi alikuwa mimi. Alikuwa na kipimo mkononi na jibu kichwani, na vilipogombana alijua mara moja kipi kifukuzwe.

Majaribio yaliendelea. Walitumia maji sentimita za ujazo 70 ndani ya bika za 100, zikiwa zimekalishwa juu ya povu gumu ili joto lisikimbilie chini. Walichora grafu ya joto la kuanzia dhidi ya muda wa kuanza kuganda, na mstari haukwenda walikotarajia. Waliona kwamba joto jingi lilitokea kwenye uso wa juu wa maji, na kwamba uvukizaji peke yake hautoshi kueleza kila kitu. Katika makala ile Mpemba anasimulia sehemu yake, Osborne anasimulia yake, kisha Osborne anaonya juu ya hatari ya fizikia inayofundishwa kwa amri.

Makala ilipochapwa mwaka 1969, Mpemba alikuwa Chuo cha Usimamizi wa Wanyamapori Afrika, Mweka. Chuo hicho kilianzishwa mwaka 1963, mwaka uleule wa aiskrimu ya Magamba. Kiko mlimani juu yetu, kilomita 14 hivi kutoka Moshi mjini, kwenye barabara inayopanda kati ya migomba na kahawa mpaka kwenye lango ambalo wapanda mlima wengi hushukia wakitoka Kibo. Nimepita mbele ya geti lake mara nyingi nikiwa mtoto, nikienda kusalimia ndugu. Mpemba alifanya kazi ya wanyamapori serikalini maisha yake yote ya utumishi. Jina lake liko kwenye vitabu vya fizikia vya mataifa ambayo hayajui Mweka iko wapi. Mimi nilipiga maswali ya joto miaka miwili nikiutazama mlima ule dirishani, barafu yake na yote, na hakuna aliyewahi kuninyooshea kidole akasema: pale juu aliishi kijana aliyemuuliza Newton swali.

Sitaki kumfanya Mpemba malaika wa fizikia. Jambo aliloliona lina wazee wake. Aristotle, karne ya nne kabla ya Kristo, aliandika kwamba watu waliotaka maji yapoe haraka waliyaweka kwanza juani. Francis Bacon na Descartes nao walilitaja. Na mwaka huohuo wa 1969, huko Kanada, mtafiti aitwaye Kell alichapisha makala yake kuhusu jambo hilohilo bila kujua habari za Magamba. Kilichokuwa kimetokea katikati ni kwamba sayansi ya joto ilikomaa, ikapata kanuni nzuri, na kanuni zikawafanya watu waliosoma waache kutazama. Hoja yao inaeleweka, na mwanafunzi yeyote wangu anaweza kuitoa: maji ya nyuzi 100 lazima yapite kwanza nyuzi 35, na yakifika hapo yako sawa na yale mengine yalipoanzia, kwa hiyo hayawezi kuyapita. Hoja hii ingekuwa kamili kama joto lingekuwa ndilo jambo pekee linalobadilika. Lakini maji yaliyopitia 100 yamepoteza sehemu yake kwa mvuke, yametoa hewa iliyokuwa imeyeyuka ndani, yanazunguka kwa namna nyingine ndani ya chombo, na chombo chenyewe kinaweza kuyeyusha utando wa barafu kilichokalia na kugusana vizuri zaidi na friza. Maji yana historia. Kipimajoto kinasoma yalipo sasa, hakisomi yalikotoka.

Wala ubishi haujaisha. Mwaka 2012 chama cha wanakemia wa Uingereza, Royal Society of Chemistry, kilitangaza shindano la kueleza athari ya Mpemba, na majibu zaidi ya 22,000 yakaingia kutoka sehemu mbalimbali za dunia. Mwaka 2016, mwaka wangu wa mtihani, watafiti wawili wa Uingereza, Burridge na Linden, walichapisha makala wakisema kwamba wamepima kwa uangalifu na hawakuiona athari yenyewe. Walionyesha kwamba kusogeza kipimajoto juu au chini kwa takriban sentimita moja tu kunaweza kukufanya udhani umeiona. Mwaka 2020 Kumar na Bechhoefer, kule Kanada, wakachapisha katika jarida la Nature jaribio lenye chembe ndogo mno zilizo ndani ya maji. Humo athari ya aina hiyo ilionekana wazi, na wangeweza kuirudia walivyotaka. Kwa maji ya kawaida ndani ya friza ya kawaida, bado watu wanabishana.

Mimi pia nilijaribu. Mama huuza barafu za ukwaju, kwa hiyo friza tunayo. Nilichukua vikombe viwili vya bati vinavyolingana, kimoja nikaweka maji ya bomba na kingine maji yaliyotoka kwenye birika. Usiku wa kwanza ya baridi yaliganda kwanza. Usiku wa pili vilevile. Usiku wa tatu umeme ulikatika. Usiku wa nne ya moto yalitangulia, na nikapiga kelele mpaka mama akatoka chumbani kuuliza kuna mwizi. Nilipomweleza alisema tu kwamba nimepoteza nafasi ya barafu nane za watu. Yote manne nimeyaandika kwenye daftari, pamoja na ule wa umeme.

Watu wengine wakisoma utafiti wa Burridge na Linden wanasema basi mwalimu wa Magamba alikuwa sahihi. Sikubali. Hata kama siku moja itathibitika kwamba maji ya moto hayatangulii kamwe, wale wawili walilijua hilo kwa kupima, na walipima kwa sababu kuna kijana hakufuta alichokiona. Mwalimu hakupima. Alikuwa na jibu tu, na jibu likitokea kuwa sahihi bila mtu kutazama, hiyo ni bahati.

Haya yote yalikuwa yananizunguka kichwani ile Jumamosi, binti akiwa bado na penseli mkono huu na kifutio mkono ule. Na nilijua kinachomkabili. Kwao ni mtoto wa kwanza kufika kidato cha nne. Akipata alama nzuri kuna kidato cha tano, na akikosa kuna cherehani ya shangazi yake. Msahihishaji wa Nekta hatamwona akipima mara tatu kwa uangalifu. Ataona namba. Kumwambia mtoto wa watu awe mkweli kwa gharama ya alama zake, wakati mimi alama zangu ninazo na nilizipata kwa kupika, ni jambo rahisi mno kwangu.

"Andika 38," nikamwambia. "Halafu pima tena, mimi nitazame."

Akavuta nati pembeni, mkono mwingine kwenye simu. Akaiachia. "Moja," akasema, akabonyeza. Nati ikaenda, ikarudi. "Mbili."

Nikamwacha afike 20. Sekunde 38.

"Ulipoiachia ulisema nini?"

"Moja."

"Na wakati huo ilikuwa imeshabembea mara ngapi?"

Akanitazama. Kisha akaitazama nati, ambayo ilikuwa bado inakwenda na kurudi taratibu mlangoni. Niliona midomo yake ikihesabu bila sauti. "Haijabembea hata mara moja," akasema. "Nilikuwa nahesabu kumi na tisa."

Akarudia, safari hii akianza na sifuri. Sekunde 40. Wenzake wakapiga makofi, mmoja akaimba jina lake.

Sikupiga makofi, maana nilikuwa nimeshika kalamu nakokotoa pembeni ya gazeti. Ukihesabu mibembeo 19 ukaandika 20, muda wa mbembeo mmoja unapungua, na ukiuingiza kwenye kanuni mvutano wa dunia unatoka 10.9. Namba yangu ya 2016. Sikuwa ninaishi sayari nyingine. Nilikuwa nasema moja mahali pa kusema sifuri, na uzi ulikuwa umeniambia hivyo kwa usahihi kabisa, nami nikaufuta. Nilifaulu mtihani, nikaenda kidato cha tano na cha sita, nikaingia chuo, na kwa miaka yote hiyo sikujua kuhesabu mibembeo.

"Kaka, sasa hii 38 niifute?" akauliza. Kifutio kilikuwa bado mkononi.

"Hapana. Pitisha mstari mmoja katikati, isomeke. Pembeni andika kwa nini umeiacha."

"Na kwenye mtihani wenyewe? Nikipata namba ya ajabu?"

Nikamwambia apime tena, ahesabu kuanzia sifuri, atazame uzi usiguse ukuta. Ikibaki ya ajabu, aandike aliyoiona. Nikamwambia pia kwamba siwezi kumwahidi alama. Alitikisa kichwa polepole, kama mtu anayepokea bei ya kitu sokoni na bado hajaamua kununua. Halafu akainama akaandika kwenye safu ya maelezo, kwa Kiingereza cha mtihani, kwamba hesabu ilianza vibaya. Nyuma yake mwenzake alikuwa ameshaishika nati, anasubiri zamu yake.